Nataka kurudi kwenye lori, mke wangu amekataa katakata

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 46. Niliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka 12, nikaacha miaka saba iliyopita baada ya ajali ndogo, usingizi ulinipitia kidogo alfajiri. Biashara niliyofungua imekufa. Tajiri wangu wa zamani ameniita na nimeshamkubalia, lakini mke wangu hataki kusikia. Heshima hakuna tena. Tangu mwaka jana amehama chumba, eti nakoroma na nakata pumzi usiku. Naona ananitawala kwa kuwa yeye ndiye mwenye mshahara. Nifanyeje? Dereva niliyechoka kukaa.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa biashara. Mwanamume aliyezoea kutafuta akikaa bure huumia, nalijua hilo. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili na kila niliporudia nilizidi kuwa upande wa mkeo.

Unasema usingizi ulikupitia "kidogo". Lori likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, ukifumba macho sekunde nne tu umeshakwenda karibu mita 90, na tela lenye mzigo linakusukuma kwa nyuma. Hujaniambia nani aliumia, wala nani alikuuguza. Nahisi ni huyo huyo unayesema anakutawala. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe unataka ashangilie.

Tena kuna jambo umelitaja kama tusi, kumbe ndilo kubwa kuliko yote. Mkeo anasema unakoroma na kukata pumzi. Mwanangu, hizo ni dalili za ugonjwa. Njia ya hewa kooni hujiziba mtu akiwa amelala, pumzi inakatika, mwili unashtuka kuitafuta, kisha mchezo unaanza upya, hata mara nyingi kwa saa moja. Mwenyewe hajui. Asubuhi anaamka na kichwa kizito, na mchana anasinzia ameketi. Ugonjwa huu huwapata sana madereva wa masafa marefu, maana kazi ya kukaa kutwa hunenepesha, na unene wa shingo huongeza hatari. Nani angeweza kukuambia haya kama si yule anayelala kando yako? Amekaa macho akisikiliza kama utarudisha pumzi, hadi akashindwa, akahama. Wewe ukaandika kwamba hana heshima.

Na hapa niseme na wengine pia. Ndoa nyingi za siku hizi hazishauriani, zinapeana taarifa. Mtu anamaliza mambo na bosi wake au ndugu zake, kisha anamletea mwenzake jibu mezani na kutaka akubali. Mwenzake akiuliza, ugomvi. Na mwanamke akiwa na mshahara, kila neno lake linaitwa utawala, hata lile la kuokoa roho. Wewe ulimkubalia tajiri kabla ya kumkubalisha mkeo. Kosa ni lako, na umwombe radhi kwa maneno, si kwa kununa ukingoja ajirudi.

Sikukatazi lori. Udereva ni kazi ya heshima na umeifanya miaka 12. Ila mficha uchi hazai. Nenda hospitali, mweleze daktari kukoroma, kukata pumzi na ile ajali, yote matatu. Nenda na mkeo, kwa sababu daktari atakuuliza mambo ambayo yeye tu ndiye anayeyajua. Kipimo hufanywa ukiwa umelala, na tiba ipo: wengi hupewa mashine ndogo ya kusukuma hewa puani usiku, na kupunguza mwili husaidia sana. Madereva waliotibiwa vizuri wanarudi barabarani.

Daktari akiridhika, ndipo uangalie kama leseni yako bado inaruhusu magari ya aina hiyo. Na usidhani utapanda tu na kuondoka. Malori mengi ya sasa yanabadili gia yenyewe, na mengine yana kamera inayomtazama dereva usoni. Kurudisha tela nyuma nako mikono husahau. Omba dereva mzoefu akae nawe kwanza, ujifunze tena kona pana na ile sehemu ya ubavuni ambayo kioo hakikuonyeshi.

Mkeo akiwa bado na hofu, mjadiliane kuhusu safari fupi, zile za kurudi nyumbani kulala, na kukataa usukani wa usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo mwili wowote hulemewa. Tajiri mpigie leo, mkeo akiwa ameketi hapo hapo, umwambie bila kuficha: jibu ulilompa lisubiri hadi daktari aseme.