Hundi Yangu Amelipwa Nani?

SWALI: Mhariri, salaam. Nilimwandikia fundi hundi ya malipo ya kazi aliyonifanyia, nikaituma kwa posta. Wiki tatu baadaye alinipigia simu akalalamika kwamba hajapata kitu. Nilipoomba taarifa ya akaunti yangu, nilikuta hundi ile imekwishalipwa na fedha zimekatwa. Fundi anaapa kwamba hajaiona kwa macho yake. Je, naweza kujua ilipita wapi na ni nani aliyelipwa?

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza, alimradi uanzie mahali panapostahili. Wengi wakipatwa na jambo kama lako humwandama mlipwaji kwa maswali na tuhuma, ilhali mwenye jibu la kwanza ni benki yako mwenyewe. Hundi ni agizo la maandishi unaloipa benki yako ili imlipe fulani kiasi fulani kutoka katika akaunti yako. Mpokeaji huipeleka kwenye benki yake, benki hiyo huiingiza katika utaratibu ambao mabenki hutumia kulipana, kisha agizo hufika kwenye benki yako, ambayo hukagua sahihi, tarehe na salio, na huangalia kama umezuia malipo, ndipo hulipa au huirudisha pamoja na sababu ya kuikataa. Ufuatiliaji hufanywa kwa kuirudia njia hiyo hiyo kinyumenyume, kuanzia benki iliyolipa hadi akaunti iliyopokea.

Chukua kishina kilichobaki katika kitabu chako cha hundi, uandike namba ya hundi, tarehe na kiasi, kisha uiombe benki yako nakala ya hundi hiyo, mbele na nyuma. Sisitiza neno hilo «nyuma», kwa sababu makarani wengine humpa mteja upande wa mbele peke yake wakadhani wamemaliza kazi. Usishangae ukiambiwa kwamba karatasi yenyewe haipo na kilichopo ni picha tu. Katika nchi nyingi mabenki siku hizi hutumiana picha badala ya kusafirisha karatasi: Marekani, sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2004 iliipa nakala maalumu inayochapwa kutokana na picha nguvu sawa na ile ya hundi yenyewe, na Uingereza ilianza kulipana hundi kwa picha mwaka 2017.

Ukishaipata, tazama kwanza upande wa mbele. Je, jina la mlipwaji ni lile uliloandika, kwa mwandiko wako, au kuna herufi zilizosongamana na mahali ambapo wino umepauka? Chini kabisa utaona mstari wa tarakimu zenye manundu, zilizochapwa kwa wino wa sumaku ili mashine izisome. Humo mna namba ya hundi, namba ya benki na tawi, na namba ya akaunti yako. Mstari huo unahusu upande wako tu. Habari za aliyelipwa utazikuta nyuma, penye muhuri au alama ya benki iliyoipokea, tarehe, na mara nyingi namba ya akaunti ambayo mwenye kuiweka aliiandika kwa kalamu.

Ikiwa akaunti hiyo ni ya fundi mwenyewe, usimwite mwongo papo hapo. Mtu mwenye akaunti mbili, moja ya kazi na moja ya nyumbani, huweza kuwa anaangalia ile isiyohusika, au msaidizi wake aliiweka bila kumwarifu. Ikiwa akaunti si yake, ama jina lilibadilishwa, ama mtu aliiga sahihi yake nyuma ili hundi ionekane imehamishwa kihalali. Hapo mwombe fundi aandike na kutia sahihi maelezo kwamba hakuipokea wala hakumwidhinisha yeyote, kwa kuwa malalamiko yako bila kauli yake ni nusu tu ya ushahidi, kisha uyapeleke yote kwenye benki yako kwa maandishi. Usikawie, maana mikataba ya akaunti huweka muda wa kupinga malipo. Jina la mwenye akaunti hiyo huenda usiambiwe, kwa sababu benki hulinda siri za wateja wake, lakini polisi na mahakama wana njia za kisheria za kulipata.

Kazi ngumu ni pale hundi ilipolipwa taslimu dirishani. Ndiyo maana hundi ya kutumwa kwa posta haifai kuondoka mikononi mwako kabla ya kupigwa mistari miwili sambamba ya mshazari, ambayo huiagiza benki iilipe kupitia akaunti tu. Na mara mlipwaji anapokwambia kwamba barua imechelewa, izuie hundi siku hiyo hiyo. Agizo la kuzuia halifanyi kazi ikiwa hundi imekwishalipwa.

SWALI: Niliweka hundi niliyopewa na mtu aliyenunua kitu kwangu. Siku mbili baadaye fedha zilionekana katika salio langu nikazitumia, kisha benki ikazikata zote. Je, hiyo si dhuluma?

JIBU: Si dhuluma, ingawa inauma. Mabenki mengi humruhusu mteja kutumia fedha za hundi kabla benki ya mwandikaji haijathibitisha kwamba italipa, na hundi ikirudi, deni ni lako. Matapeli huutumia mwanya huo: mtu hukulipa kwa hundi yenye kiasi kikubwa kuliko bei, akakusihi umrudishie ziada haraka. Unatuma fedha halisi, kisha hundi yake inagunduliwa kuwa ya bandia. Mbele ya karani, usiulize «fedha zimeingia?» bali «hundi imelipwa kabisa na haiwezi tena kurudi?»

SWALI: Kiasi cha tarakimu kikitofautiana na kile cha maneno, kipi hufuatwa?

JIBU: Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo na mkataba wa Geneva wa mwaka 1931 kuhusu hundi zinakubaliana hapo: maneno ndiyo hufuatwa. Hata hivyo, karani mwangalifu huirudisha hundi ya namna hiyo badala ya kuilipa, kwa hiyo mwombe aliyekupa akuandikie nyingine, na angalia tarehe pia, kwa kuwa mabenki mengi huikataa hundi iliyopitisha miezi 6.