Barua kwa mwanangu: ujasusi uliozaliwa maktabani

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ni mtoto wa Vita vya Pili vya Dunia, na maprofesa waliingiaje humo. Ni kweli, ingawa watu hupenda zaidi hadithi za miavuli na bastola.

Kabla ya vita, jeshi la nchi kavu, wanamaji na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kila mmoja alikalia taarifa zake. Julai 1941 Rais Roosevelt akamkabidhi mwanasheria William Donovan kazi ya kuziunganisha; Juni 1942 ofisi hiyo ikawa OSS, shirika la ujasusi la wakati wa vita. Ndani yake kulikuwa na idara ya Utafiti na Uchambuzi, chini ya William Langer, mwanahistoria wa Harvard. Mambo ya Afrika walimpa msomi Ralph Bunche, ambaye huko London alikuwa amefundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta. Sehemu kubwa ya waliyosoma haikuwa siri hata kidogo: magazeti na majarida ya adui yaliyonunuliwa Lisbon na Stockholm, yakapigwa picha za mikrofilamu.

Ukitaka kuona ufundi wenyewe, tazama vifaru. Kuanzia 1943, wachumi katika ubalozi wa Marekani London, baadhi yao wa OSS, walikusanya namba za kiwandani kutoka vifaru vya Wajerumani vilivyotekwa. Namba zikifuatana, zinakusaidia kukadiria vifaru vilivyotengenezwa ni vingapi. Kwa kanuni inayofundishwa leo: chukua namba kubwa kuliko zote, igawe kwa idadi ya vifaru ulivyokagua, jumlisha jibu kwenye namba hiyohiyo, kisha toa moja. Umekagua vinne, kubwa ni 60: 60 na 15 ni 75, toa moja, vipo kama 74.

Hesabu hiyo inaharibika pale namba zinaporuka. Namba za chasisi ziligawiwa viwanda kwa mafungu yenye mapengo, ukizisoma kibubusa unapata vifaru hewa. Za giaboksi zilifuatana vizuri, kwa hiyo ndizo zilizoaminika zaidi. Hata mpira wa magurudumu ulikuwa na alama ya kalibu: wakahesabu kalibu ngapi zinatumika, wakawauliza watengenezaji wa Uingereza kalibu moja hutoa magurudumu mangapi kwa mwezi. Kwa magurudumu ya vifaru viwili tu vya aina ya Panther, wakakadiria kuwa vilitengenezwa 270 Februari 1944. Kumbukumbu za Wajerumani zilionyesha 276.

Linganisha na njia ya zamani. Kwa Agosti 1942 majasusi walitaja vifaru 1,550 kwa mwezi, wachumi 327. Vilivyotengenezwa ni 342. Wapelelezi walimeza propaganda na uvumi. Chuma hakina sababu ya kujisifu.

Amani ilipokuja, kazi hii nusura ipotee. Rais Truman aliivunja OSS kuanzia 1 Oktoba 1945: wachambuzi wakapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, ambako hawakupendwa, wapelelezi Wizara ya Vita. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi mbovu kuliko yote katika habari hii. Sheria ya 1947 ikaunda CIA, lakini uchambuzi wake ulibaki dhaifu hadi vita vya Korea vilipozuka 1950. Hapo ndipo mkurugenzi mpya, Walter Bedell Smith, alipomwita Langer kuanzisha ofisi ya makadirio ya taifa. Langer akaja na Sherman Kent, mwenzake wa OSS, ambaye aliirithi ofisi hiyo 1952 na kuiongoza hadi 1967.

Ni mimi,
Baba yako