Wadogo zangu mnaotumwa misheni, hebu tuongee kidogo

Nilisema ninyamaze ila nimeshindwa. Kundi jipya limefika juzi, vibali vya ukaazi hata havijatoka, tayari mmoja kashaweka statasi: yeye katikati, watoto wamemzunguka, chini kaandika "Mungu kanileta kwa hawa". Hawa kina nani? Jina la hata mmoja unalijua? Mwenzake naye kikao cha kwanza kabisa na wazee wa kanisa kaanza kuwafundisha namna ya kupanga ibada. Nacheka huku nimekasirika, maana ndo yale yale tuliyofanya sisi, na waliotutangulia, na waliowatangulia hao.

1. Mungu hukuja naye, ulimkuta. Orientesheni, yale mafunzo ya kabla ya safari, wanalisema na wote mnaitikia amina, ila amina ya darasani huwa inaishia uwanja wa ndege. Someni yaliyompata Samuel Ajayi Crowther. Alitekwa utumwani akiwa kijana, akaokolewa, akaja kufasiri Biblia kwa Kiyoruba, 1864 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika Kanisa la Anglikana, akaongoza misheni ya mto Niger miaka na miaka akiwa na watumishi Waafrika wenzake. Uzeeni mwake wakaja vijana wapya kutoka Uingereza, wana moto kweli kweli, wakaangalia kidogo tu wakaamua kazi yote imeoza. 1890 watu wake wakasimamishwa, mzee akajiuzulu kwenye kamati ya fedha ya misheni, mwaka uliofuata akafariki. Na wale vijana hawakuwa wahuni jamani, walikuwa watu wa maombi sana. Hapo ndo napoogopa mimi.

2. Lugha. Jifunze kwanza, kuhubiri kutakuja, mkalimani wako anakuokoa mara nyingi kuliko unavyojua.

3. Hela. Usiahidi kitu peke yako, hata cha mfukoni mwako, pita kwa wazee wa kanisa.

4. Barua ya maombi, ile unayowatumia wanaokuombea na kukuchangia. Hapa nitakaa maana hapa ndo niliumia. Presha yake mnaijua: sapoti imeshuka, kanisa linalotuma linauliza matunda, na wewe mwezi mzima umeshinda kwenye foleni za vibali na kuumwa tumbo. Basi nikaandika habari za mzee mmoja wa kanisa. Nikaweka nyumba yake inayovuja, mke wake mgonjwa, nikasema alishakata tamaa mpaka tulipofika sisi, na picha yake juu kabisa. Yaani ukichukua sentensi moja moja uongo huupati kirahisi, tatizo ni nilichoacha. Huyo mzee ndiye aliyenitafutia nyumba ya kupanga, ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali nilipougua, na alikuwa analea vikundi vya maombi vya majumbani tangu mimi sijui nchi yake iko upande gani wa ramani. Sapoti ikapanda. Nikapiga magoti nikashukuru, tena kwa dhati.

Barua ikazunguka kwenye magrupu ya maombi kama zinavyozunguka siku zote, ikamfikia binti yake, binti akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri akamsomea baba. Jioni mzee akaja kwangu. Akakaa, akaongea mambo mengine weee, mvua, ukarabati wa kanisa, mpaka nikadhani amekuja kunisalimia tu, ndo akaniuliza: huyu mtu uliyemwandika, kanisani kwenu wangemkaribisha ahubiri? Nikakosa la kusema. Jibu nililijua, wasingemwita kuhubiri, wangemwita kumwonyesha. Hakugombana na mimi, na Jumapili aliniombea mbele ya watu wote kwa jina langu, nawaambieni afadhali angenitukana. Aibu iliisha, sikatai. Kilichobaki ni kujua kwamba ile barua haikuwa ajali ya kalamu, ndivyo nilivyokuwa namwona muda wote tulipokuwa tunakula meza moja. Alikuwa mradi wangu.

Hapo ndo nikamwelewa V. S. Azariah. Mkutano wa misheni Edinburgh 1910, ukumbi una wajumbe kama 1,200 karibu wote wa Ulaya na Amerika Kaskazini, huyo Azariah, Mhindi wa miaka 35, anasimama anawashukuru kwa mali na maisha waliyoyatoa, halafu anawaambia tunaomba upendo pia, tupeni marafiki. Na John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, Mkenya, aliyesema 1971 kwamba wamisionari na hela zao wasimame kwanza ili makanisa yajitafute. Chuoni nilimwona mkali mno huyo. Siku hizi namwona alivumilia.

Kwa hiyo kabla hujatuma barua, msomee anayehusika, akisema futa, futa.

5. Kurudi nyumbani. Hili hamna anayewaandaa. Utaingia kanisani kwenu ulikokulia na utaanza kuona vitu: kumbe urefu wa ibada, nani anakaa viti vya mbele, nyimbo zipi ni "za kiroho", vyote ulivyodhani ni injili vilikuwa mazoea yenu tu. Taarifa ya habari itaitaja ile nchi kwa vurugu nusu dakika, kisha michezo, na wewe kichwani una sura za watu na majina yao. Mtu atakuuliza "huko wana simu?" na utataka kumrukia. Sasa sikiliza, hiyo hasira ichunguze. Mimi nilirudi nawadharau ndugu zangu kwa kutojua, na nilipoiangalia vizuri ile dharau nikaitambua, ni ile ile niliyoondoka nayo, nimeigeuzia upande wa pili tu. Yule aliyeuliza habari za simu ndiye aliyekuwa anakuchangia kila mwezi bila kukosa, tena pengine na yeye ana shida zake ambazo hujawahi kumuuliza.

Watakupa dakika tano za ushuhuda. Andaa za dakika tano, usiwalazimishe saa nzima na slaidi. Halafu tafuta mtu mmoja aliyewahi kuishi ugenini, awe mmisionari, mwanafunzi, mkimbizi, yeyote, huyo mmalizie mengine yote, na yeye mwache amalize ya kwake.