Ukienda kwa profesa, nenda na ukurasa mmoja

Mimi si msomi. Ni wakala wa forodha, na kwa miaka 17 nimekula kwa jasho la kutoa mizigo ya watu bandarini Dar es Salaam. Nalisema mapema ili asitokee wa kuniuliza shahada yangu kule chini. Ila vitabu vya zamani nilivipenda ukubwani, na kupitia hivyo nimejikuta nikikaa na wahadhiri, wengine wastaafu, tukizungumza historia, fasihi na zile fikra za watu wanaoitwa walibertari: wanaoamini kuwa serikali ikae mbali na mfuko wa mtu na mdomo wa mtu kadiri inavyowezekana. Watu hunitumia ujumbe kuuliza nimewazoeaje wazee hawa. Nimewazoea kwa kuaibika kwanza.

Rafiki alinipeleka kwa profesa mmoja mstaafu wa siasa, mzee mpole ambaye vitabu vimejaa nyumbani kwake mpaka kwenye ngazi. Nilikuwa nimetazama video chungu nzima kuhusu Adam Smith, yule mwanafalsafa wa Scotland anayeitwa baba wa uchumi. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai nikajitutumua: "Profesa, hivi Adam Smith angesema nini kuhusu Tanzania ya leo?" Akakoroga chai yake, akakoroga tena. Kisha akaniuliza, "Umemsoma wapi?" Nikajibu nimemsoma kwa ujumla. "Kwa ujumla," akarudia, kwa upole ulioniuma kuliko tusi. Jioni ile tulimalizia na habari za mvua.

Nilikasirika wiki nzima. Nikajiambia wasomi wana majivuno. Halafu nikakifungua kitabu chenyewe, Utajiri wa Mataifa cha mwaka 1776, ambacho kipo bure mtandaoni kwa sababu haki zake zilikwisha zamani, na nikaona mzee alinihurumia. Swali langu halikuwa na mahali pa kulishika. Ni kama mteja anayenipigia simu kuuliza, "Hivi kodi ikoje?" Kodi ya nini? Mzigo gani, umetoka wapi, nyaraka ziko wapi?

Ndipo nilipojifunza jambo ninalowaambia wote: usiende na mada, nenda na ukurasa. Toa kopi ya ukurasa mmoja, upigie mstari sentensi zinazokusumbua, uikunje mfukoni. Na usiseme "ukurasa wa 200", maana chapa yako na yake hazilingani; sema kitabu, sura na aya. Kwa Smith, "Kitabu cha kwanza, sura ya kumi" kinaeleweka kokote duniani.

Sura hiyo ndiyo niliyorudi nayo. Smith anasema pale kwamba watu wa biashara moja ni nadra kukutana, hata kwa starehe tu, bila mazungumzo yao kuishia kwenye njama dhidi ya umma au mbinu ya kupandisha bei. Nilimwambia profesa kuwa hiki mimi nimekiona kwa macho yangu, mezani, chai ikiwa ya moto. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza kazi yangu ni nini hasa, maana mara ya kwanza hakuuliza. Nilipomwambia, akasema: "Basi Smith ni mwenzako."

Sikuwa najua. Mwaka 1778, miaka miwili baada ya kuandika kitabu kilichopiga vita vizuizi vya biashara, Adam Smith aliteuliwa kamishna wa forodha Scotland, akahamia Edinburgh. Mwaka 1780 alimwandikia mwanasiasa William Eden barua akimweleza kwamba alipoisoma orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku, kisha akakagua kabati lake mwenyewe, alikuta karibu kila tai na leso aliyonayo hairuhusiwi kuvaliwa nchini. Akazichoma moto ili atoe mfano.

Tulibishana saa mbili juu ya moto ule. Profesa aliona kejeli: mtu anatii sheria kwa namna inayoonyesha upuuzi wake. Mimi niliona karani. Nimewajua maofisa wa aina hiyo, wanaoona kanuni ni ya kijinga na bado hawairuki hata nukta moja, kwa sababu wanajua kanuni ya kijinga inayotumika kwa wote ina afadhali kuliko ile inayotumika kwa anayechukiwa. Mzee aliniuliza maswali mengi: nani anakagua, nani anasaini, mzigo unakwama wapi. Yeye amemfundisha Smith miaka mingi lakini hajawahi kujaza kadhia, ile fomu ya kutolea mzigo forodhani. Mizani ikakaa sawa kidogo kati yetu, na tangu siku hiyo ananiita kwa jina. Kwa hiyo ukienda, beba na kazi yako. Muuguzi, fundi, dereva wa lori, mkulima wa mpunga, kila mmoja ana kitu ambacho vitabu hivi vinakizungumzia na ambacho mwalimu wake hajakigusa kwa mkono.

Mambo ya adabu nayapitia haraka. Piga simu kabla. Usirekodi bila ruhusa. Ukiulizwa kitabu ambacho hujakisoma, sema hujakisoma. Neno hilo limenifungulia milango mingi kuliko kutikisa kichwa. Usikae zaidi ya magharibi kama hukualikwa chakula. Na yupo mhadhiri mmoja, simtaji, aliyeniambia kwamba watu wa bandarini wasome ratiba za meli. Wapo. Achana nao.

Kupata ukurasa ni rahisi. Kupata unaofaa ndiyo kazi. Mimi natafuta ule unaowasumbua mashabiki wa mwandishi. Kila mtu anajua hadithi ya kiwanda cha pini: watu kumi wakigawana kazi wanatoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku. Iko mwanzoni kabisa, hata mvivu anaifikia. Lakini ukivumilia mpaka Kitabu cha tano, Smith yuleyule anasema mtu anayetumia maisha yake yote kurudia vitendo viwili vitatu vyepesi anakuwa mjinga kadiri binadamu anavyoweza kuwa mjinga, na kwamba serikali isipochukua hatua hali hiyo haikwepeki. Anataka shule za parokia kwa watoto wa maskini. Kijana mmoja wa kilibertari niliyemsomea aya hiyo alidai nimeitunga. Nikampa kopi.

John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, alinisumbua zaidi. Kitabu chake cha uhuru cha mwaka 1859 nilikipenda kuanzia aya za mwanzo, kisha, katika sura ya kwanza hiyohiyo, nikafika mahali anaposema kanuni yake, ya kumwacha mtu huru maadamu hamdhuru mwenzake, haiwahusu watu wa jamii zilizo nyuma, na kwamba udikteta ni serikali halali kwa washenzi maadamu lengo ni kuwaendeleza. Washenzi! Nikakifunga kitabu. Washenzi hao si ni babu yangu?

Nilikipeleka kwa dada mmoja anayefundisha historia, mpenzi mkubwa wa Mill, nikitaka agombane na mimi. Hakugombana. Alinieleza kwanza kwamba Mill aliajiriwa miaka 35, kuanzia 1823 hadi 1858, na Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, akiandika barua za kuitawala India, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Kisha akaniambia nisome sura ya pili na kuirudisha juu ya ya kwanza. Sura ya pili ndipo Mill anaposema anayejua upande wake tu wa shauri hata huo anaujua kidogo. Tena haitoshi kuzisikia hoja za upinzani kutoka kwa walimu wako, lazima uzisikie kwa watu wanaoziamini kweli. Nikamuuliza: je, Mhindi mwenyewe alisikilizwa lini? Dada akaandika swali langu pembeni mwa kitabu chake, kwa penseli. Akanikumbusha vilevile kuwa Dadabhai Naoroji, Mhindi aliyeingia Bunge la Uingereza mwaka 1892, aliwabana Waingereza kwa hoja zao wenyewe za uhuru. Ukurasa ninaouchukia bado nauchukia. Kitabu nimekirudisha rafuni, hapo karibu.

Agizo hilo la Mill, la kumtafuta mpinzani anayeamini kweli, lilinipeleka kwa baba yangu.

Ilikuwa hivi. Mchumi mmoja wa soko huria alinisomesha makala ya Friedrich Hayek, mchumi mzaliwa wa Austria, ya mwaka 1945 kuhusu maarifa katika jamii. Hayek anatoa mfano wa madini ya bati. Bati likiadimika, wanaolitumia duniani kote hawana haja ya kujua sababu. Bei inapanda, nao wanabana matumizi. Bei inabeba habari ambayo hakuna ofisi ingeweza kuikusanya yote. Niliposoma nikakumbuka utoto wangu: foleni ya sukari mwaka 1983, sabuni ya kugawana vipande. Nikasema huyu mzungu ameandika historia yetu kabla haijatokea.

Baba alikuwa mwuzaji wa duka la ushirika kijijini miaka hiyo. Nikamtafsiria makala, aya kwa aya, mkekani. Alisikiliza vizuri, akakubali kwamba walioko juu hawakujua. "Walituletea majembe wakati wa kuvuna," akasema. Halafu akaongeza: "Lakini mimi nilijua. Nilijua nani amejifungua, nani ana mgonjwa, nikampunguzia mwenye nguvu nikampa yeye. Bei ilipoachiwa huru sukari ilijaa dukani, na mama yule mwenye mgonjwa akawa anaitazama tu. Huyo bwana wako, bei yake inajua kwamba mtu anahitaji, au inajua tu kwamba ana hela?"

Nililipeleka swali kwa mchumi kama lilivyo. Alikaa kimya, kisha akasema hata Hayek hakukataa serikali ihakikishie kila mtu kiwango fulani cha chini cha kuishi, na kwamba ujuzi wa baba wa mahali pake ndio ujuzi anaousifu Hayek. Jibu zuri. Nilipolirudisha kijijini baba alisema: "Basi tunakubaliana, tatizo lao ni kuandika kirefu." Sijui kama mjadala umekwisha. Wao wawili hawajawahi kuonana, mimi ndiye posta.

Jingine ni lugha. Muda mrefu nilizungumza mambo haya nusu Kiswahili nusu Kiingereza, nikidhani Kiswahili hakina maneno yake. Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, mama mmoja mkali, ndiye aliyenikatisha. Akaniambia: neno la Kilatini lililozaa uliberali, ile fikra ya uhuru wa mtu, maana yake ni mtu huru, asiye mtumwa, likaja kumaanisha mwenendo unaomfaa mtu huru, kisha ukarimu. Nasi tuna neno lililopita njia hiyohiyo: mwungwana. Pwani, mwungwana kwanza alikuwa asiye mtumwa, baadaye ndipo akawa mtu wa adabu na hisani. "Na maneno yote mawili," akasema, "yana mtumwa amesimama mlangoni. Mill anachapisha kitabu chake mwaka 1859, soko la Unguja bado linauza watu. Halikufungwa hadi 1873." Tangu hapo, neno gumu likinishinda kwa Kiswahili najua wazo lenyewe sijalielewa, na mara nyingi msomi ninayezungumza naye hukwama palepale.

Mama huyo ndiye pia aliyenisuta kwa kusafiri hadi Scotland nikamwacha Karama kizimbani. Ni yule wa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951: mtu anayeshitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea siku sita mbele ya mfalme. Niliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, nikaimeza, nikaitapika. Sikuwahi kuiona kuwa ni kitabu juu ya haki ya mtu kusema. "Na unajua mwandishi alikuwa nani kabla hajawa Shaaban Robert?" akaniuliza. "Alikuwa karani wa forodha. Tangu 1926 hadi 1944. Pangani na kwingineko."

Nilimpigia profesa mstaafu usiku uleule kumpa habari. Kumbe alikuwa anajua. Alisema alikuwa anasubiri nifike mwenyewe. Jumamosi hii tunakutana kwake wote watatu, yeye, mama yule na mimi, nami nimepewa siku ya tatu ya utetezi wa Karama. Ameomba nimtolee kopi na yeye, kwa herufi kubwa, maana macho yamechoka.