Seva ikijaa, usifute logi za databesi kwa mkono

Wadau mnaoangalia seva za maduka, hili limenikuta mwenyewe. Jumatatu moja saa mbili asubuhi napigiwa simu na dada wa kaunta, duka la jumla hapa Mwanga, Kigoma, "kaka mfumo umeganda, mteja gunia zake zishapakiwa kwenye guta na risiti haitoki". Naingia kwenye seva napiga df -h (amri ya kuangalia nafasi ya diski), diski ya giga 40 imejaa asilimia 100, wakati data zote za duka hazifiki giga 2!! Kuchungulia /var/lib/mysql, folda ya databesi ya MySQL, nakuta binlog.000031, binlog.000032, yaani logi zinazoandika kila badiliko la data, zimejipanga mpaka chini, kila moja inakaribia giga nzima.

Nikakosea palepale. Kwa presha ya ile simu nikapiga rm (amri ya kufuta) zote. Nafasi haikurudi yote kwasababu faili la mwisho MySQL ilikua bado imelishika, halafu binlog.index, faili lenye orodha ya hizo logi, ikawa inaendelea kutaja mafaili ambayo hayapo, nikiiambia isafishe inagoma. Ikabidi niisimamishe, nirekebishe ile orodha kwa mkono ndo niiwashe tena, na kibaya zaidi bakapu ya mwisho ilikua ya Jumamosi, yaani data ingeharibika siku ile mauzo ya Jumapili yasingerudi, maana hizo logi ndo zinakurudisha kutoka kwenye bakapu mpaka dakika ya mwisho. Sio takataka kabisa.

Iache databesi ifute yenyewe, andika PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 3 DAY. Inaondoa mafaili na kusafisha orodha kwa pamoja. Kama una seva ya pili inayonakili, hakikisha kwanza imeshazisoma. MySQL 8.0 hizi logi zinakuja zimewashwa na zinakaa siku 30, kwa diski ndogo ni nyingi sana, mi nimeweka binlog_expire_logs_seconds=604800 yaani siku 7, kwakua bakapu nachukua kila usiku.

Ila tafuta na kinachozijaza. Pale dukani mfumo ulikua unabadilisha saa ya kila bidhaa kwenye stoku kila dakika tano hata kama hakijauzwa kitu, na logi inaandika mstari mzima wa zamani na mpya. Tulipoizima hiyo, faili moja sasa linachukua siku nne kujaa.