Mwanangu, ndo yule wa kwenye picha ya babu

Mwanangu,

Marahaba. Voisi yako nimeirudia mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa sokoni nikasikia upepo wa huko kwenu tu. Unasema mlipita Branch Brook Park, ile bustani ya Newark hapo Marekani, na wenzako wa kazini mkakuta sanamu ya mwanamke mweusi na raketi yake, mmoja akakwambia huyu alishinda Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, halafu akafa hana kitu hapo East Orange, jirani na unapokaa. Ndo ukaniuliza, mama huyu si yule wa ukutani kwa babu? Na kama alikuwa bingwa wa dunia, hela zake alizipeleka wapi?

Ndo huyo huyo. Althea Gibson.

Nianze na babu kwanza maana hii hujawahi kuisikia yote. Enzi za mkoloni babu yako alikuwa mtunza uwanja kwenye klabu moja ya wazungu hapa Tanga, alfajiri anavuta lile roli la chuma, anamwagia maji, anachora mistari kwa chokaa, ikifika saa kumi jioni wenyewe wanakuja na yeye anatoka nje ya wavu kuwaokotea mipira. Miaka yote hiyo hajapiga hata mpira mmoja mle ndani, alikuwa akitusimulia anacheka peke yake. Siku moja kwenye magazeti waliyotupa akakuta picha, Malkia Elizabeth anampa mkono dada mweusi mrefu kavaa nguo nyeupe. Akaikata, akaibandika juu ya kitanda kwa uji wa muhogo, na kusoma Kiingereza alikuwa hajui, alimpelekea mwalimu wa jirani amsomee maneno ya chini.

Picha ile ni ya Julai 1957. Althea alimfunga Darlene Hard 6-3, 6-2, na akawa mtu mweusi wa kwanza kuchukua Wimbledon ya mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake.

Sasa hela. Hela hazikuwepo mwanangu, hakuna mahali alipozipeleka. Tenisi ya wakati ule ilikuwa ya ridhaa, Wimbledon, Marekani, Ufaransa, Australia, yote manne ukishinda unapewa kombe na kushikwa mkono, labda na posho ya safari. Ukionekana tu umecheza kwa malipo unafungiwa nje, huruhusiwi tena kwenye hayo mashindano. Wao waliita heshima ya mchezo. Mimi naona ilikuwa heshima ya watu wenye mashamba na baba tajiri, maana mwenye njaa utamwambiaje acheze bure mwaka mzima?

Na Althea alikuwa wa njaa kweli. Alizaliwa 1927 kijiji kinaitwa Silver, South Carolina, wazazi wake wanalima pamba kwenye shamba la mtu kwa kugawana mavuno, yani kama wale wa hapa kwetu wanaolima nusu kwa nusu na mwenye shamba, ila pale nusu yako ukipiga hesabu ya madeni haibaki kitu. Wakahamia Harlem, New York, akiwa mtoto mdogo. Shule hataki, mtoro, baba yake akamfundisha ngumi ili asionewe mtaani. Mtaa wao wakati wa likizo ulikuwa unafungwa magari yasipite watoto wacheze, na pale kulikuwa na mchezo kama tenisi ila kiwanja kidogo na unapiga kwa kibao. Akiwa na miaka 12 alikuwa bingwa wa wanawake wa jiji zima kwenye huo mchezo wa kibao. Majirani wakachangishana kumlipia ada ya klabu ya tenisi ya weusi, mwalimu wake pale alikuwa Fred Johnson, mtu mwenye mkono mmoja, wazia.

Baadaye wakamchukua madaktari wawili weusi waliokuwa wanapenda tenisi, Dk. Eaton wa Wilmington na Dk. Johnson wa Lynchburg. Kwa Eaton alikaa kama mtoto wa nyumbani, akarudi sekondari akiwa binti mkubwa kabisa, akamaliza 1949, nyumbani kuna uwanja wa tenisi lakini akipanda basi kwenda mjini anakaa siti za nyuma, ndo walikopangiwa weusi. Kwenye chama cha tenisi cha weusi alichukua ubingwa miaka kumi mfululizo, 1947 mpaka 1956. Kule kwa wazungu hawamwiti. Mpaka bingwa wa zamani mzungu, Alice Marble, akaandika kwenye jarida la tenisi 1950 akawasema wenzake waziwazi, ndo wakamfungulia Forest Hills, yale mashindano makubwa ya Marekani, akacheza siku chache baada ya kutimiza miaka 23.

Na hapo kuna kitu mimi nakipenda sana. Raundi ya pili akakutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon, seti ya tatu Althea anaongoza 7-6, mvua ikashuka na radi ikapiga tai wa mawe juu ya uwanja akadondoka chini. Mechi ikaahirishwa. Alilala na ule uongozi usiku kucha, kesho yake dakika kumi na moja tu kashafungwa 9-7. Mimi ningelala kweli?

Ikamchukua miaka saba. Katikati hapo alikata tamaa kabisa, akawa anafundisha michezo chuoni Missouri na kufikiria kwenda jeshini. 1956 akachukua Ufaransa, 1957 Wimbledon na Marekani, 1958 yote mawili tena. Aliporudi toka Wimbledon 1957 New York walimfanyia maandamano ya kumpongeza, karatasi zinamwagwa toka maghorofani, watu kama laki moja. Mwezi huo huo akaenda kucheza Chicago, hoteli za karibu na kiwanja zikamnyima chumba.

Mwisho wa 1958 akaacha ridhaa, ana miaka 31, bingwa namba moja. Akarekodi nyimbo, akaigiza filamu, akazunguka na timu ya basketi ya Harlem Globetrotters anacheza tenisi kabla ya mechi yao watu wacheke na kupiga makofi. Akaenda gofu, 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenye mzunguko wa kulipwa, sehemu nyingine ananyimwa chumba cha kubadilishia nguo anabadilishia kwenye gari. Tenisi ilipofungua milango kwa wa kulipwa 1968 yeye anagonga arobaini na moja. Magoti hayarudi.

Mimi mwenyewe unajua nilicheza netiboli timu ya kiwanda, sitakitaja, tulichukua kombe la mkoa wakatupa doti moja ya kanga na soda, halafu mwisho wa mwezi nakuta siku ya fainali wamenikata mshahara eti sikuwa kazini! Doti ile ndo niliyokubebea wewe.

Kwa hiyo uzeeni Althea alipata kiharusi, dawa na kodi vikamshinda. Miaka ya tisini akampigia simu Angela Buxton Uingereza kumuaga, amechoka kuishi. Huyo Buxton ni Myahudi, naye klabu zilikuwa zinambagua, ndo wakacheza wawili wawili wakachukua Ufaransa na Wimbledon 1956. Buxton akapeleka habari kwenye jarida la tenisi, watu wakaanza kutuma hela kutoka kila nchi, zikafika karibu dola milioni moja. Kwa hiyo mwambie mwenzako wa kazini asiseme alikufa hana kitu, aliishi mpaka Septemba 2003. Ila zilikuja za mchango, hazikuja za mshahara.

Ukipita tena pale nipigie picha, simama ubavuni mwake nione, alikuwa karibu futi sita. Ya babu mchwa wameila upande wa Malkia wote, Althea yupo mzima na mkono kanyoosha. Na uvae koti, kwenye voisi nimekusikia unakohoa.

Mama yako