Unapoanza kuchunguza ute wa bahari, usikimbilie oksijeni

Karibu kila anayejiunga na kazi hii huja na maelezo yaleyale: oksijeni ikipungua pwani, ute wa bahari, yaani jeli inayotanda majini, hutokea. Yanakaa vizuri kwenye slaidi. Shida ni kwamba ute kwa kawaida huzaliwa juu, penye mwanga, mahali ambapo mchana oksijeni huwa tele. Maji yaliyoishiwa hewa yako chini. Kabla hujateremsha kifaa chochote, jiulize vitu hivi viwili vinakutana wapi.

Anza na kaboni. Seli ya fitoplanktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini na kutumia jua kama mimea) ikipata jua huendelea kutengeneza sukari hata kama fosforasi ya kuiwezesha kugawanyika imekwisha. Sukari hiyo haina kazi tena ndani, kwa hiyo seli huitoa nje ikiwa minyororo mirefu ya polisakaridi. Kalsiamu ya maji ya bahari huifunga minyororo pamoja, zinapatikana chembe za jeli zisizoonekana kwa macho. Chembe hugongana na kunatana, huku zikizoa diatomu (fitoplanktoni zenye ganda la silika), bakteria na vinyesi vya viumbe wadogo, mpaka siku moja mzamiaji anakuta utando unaoning'inia mita kadhaa.

Sasa swali ambalo wanafunzi wengi hulisahau: mbona bakteria hawaimalizi sukari yote hiyo? Sababu mojawapo ni kwamba nao wanataka fosforasi ili wajenge miili yao. Tena baadhi ya minyororo ni migumu kwa vimeng'enya vyao, na hukatwa polepole. Uzalishaji unaupita ulaji, ziada inabaki majini. Mimi naona hapo ndipo penye moyo wa somo hili, kuliko orodha ya spishi ambayo wengi huhangaika kuikariri. Diatomu kama Cylindrotheca closterium na dinoflajelati (kundi jingine la fitoplanktoni) Gonyaulax fragilis zimehusishwa na ute, lakini zipo pia katika miaka ambayo bahari ni safi kabisa.

Kipimo cha kuangalia ni uwiano wa virutubisho. Fitoplanktoni kwa wastani hutumia atomu 16 za nitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Mto Po wa Italia, unaomwagika kaskazini mwa Bahari ya Adriatiki, huleta nitrojeni nyingi kuliko uwiano huo, ndiyo maana fosforasi huwahi kwisha. Ukipewa jedwali la virutubisho, usitazame wingi peke yake. Gawanya kwanza nitrojeni kwa fosforasi.

Halafu kuna utulivu wa maji. Bahari ya Marmara, Uturuki, inafundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu. Juu yanapita maji mepesi kutoka Bahari Nyeusi, chini yamelala maji ya Mediterania yenye chumvi ya takriban gramu 38 kwa kilo. Mpaka wao uko kwenye kina cha mita 25 hivi, na hauvukwi kirahisi. Jeli inayozama huweza kukwama hapo kwenye mpaka, ikaendelea kukua bila mtu wa juu kujua. Mwaka 2021 picha za Marmara iliyofunikwa na utando mweupe zilienea duniani kote, lakini ute ulikuwa umeshajaa kwenye nyavu za wavuvi tangu majira ya baridi. Waliosubiri uonekane juu walifika mwisho wa hadithi.

Oksijeni inaingia hapa, kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni tope la chini. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, kiwango ambacho wengi wetu hukiita upungufu, na ikaendelea kwisha kabisa kwenye tope, chuma kilichoshikilia fosfati (fosforasi katika umbo ambalo seli hulitumia) hubadilika na kuiachia. Dhoruba au mkondo ukiipandisha, inakuwa mbolea ya mlipuko mpya wa fitoplanktoni. Fitoplanktoni wakiimaliza fosfati hiyo, tunarudi kwenye sukari ya ziada. Mlango wa pili ni ute wenyewe ukizama na kuoza. Piga hesabu: gramu 1 ya glukosi ikioza yote hula zaidi kidogo ya gramu 1 ya oksijeni. Maji ya bahari yenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 7.4 kwa lita yakiwa yamejaa. Gramu hiyo moja, basi, inatosha kumaliza oksijeni ya lita zaidi ya 140. Kwa hiyo upungufu wa oksijeni ni matokeo ya ute, na baadaye unaweza kuulisha ute unaofuata. Kuuita chanzo peke yake ni kukata mzunguko katikati.

Tahadhari moja kuhusu lawama. Maji taka na mbolea vinachochea sana, sibishani na hilo. Lakini ute wa Adriatiki umeandikwa kwenye kumbukumbu tangu 1729, kabla ya mbolea za viwandani. Ukiandika ripoti inayosema uchafuzi ndio sababu yote, msomaji makini atakuuliza kuhusu mwaka huo.

Upande wa kazi za mikono, usikusanye ute kwa wavu wa planktoni, unakatakata jeli na kukuachia diatomu tu. Mzamiaji mwenye bomba kubwa la sindano anafanya vizuri zaidi. Kwa chembe za jeli, chuja kwenye kichujio cha mikromita 0.4 kwa mvuto mdogo wa pampu, kisha utie rangi ya Alcian Blue, inayoshika polisakaridi za jeli. Rangi hii huganda ikikutana na chumvi, kwa hiyo suuza kichujio kwa maji yaliyokenekwa kabla ya kuitia.

Kihisio cha oksijeni husongwa na ute na kuanza kudanganya bila dalili, kwa hiyo chukua chupa chache za kupimwa kwa mbinu ya Winkler (upimaji wa oksijeni kwa kemikali) kila safari. Teremsha mpaka karibu kabisa na sakafu ya bahari, kwa kuwa upungufu mkali mara nyingi umejificha kwenye mita ya mwisho. Usilinganishe kamwe kipimo cha juu cha alfajiri na cha alasiri, usanisinuru utakupotosha. Na anza kuchukua sampuli za fosfati na nitrati wakati maji bado yanaonekana safi. Ute ukishatanda, fosfati iliyokuwepo mwanzoni imeshaliwa, na hakuna kifaa kitakachokurudishia kipimo hicho.